Ukipanda Juu, Piga Hodi Chini

Nakumbuka siku moja nilipanda juu ya tembe letu bila kuita, udongo ukadondoka ndani ya chungu cha mlenda cha mama mkwe wangu. Mwanangu, ukitaka kuujua moyo wa mwanamke wa Kigogo, mtilie mchanga kwenye mlenda. Utaujua wote kabla hujashuka.

Ninyi mmezaliwa chini ya mabati, basi niwaeleze. Tembe ni nyumba ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo ni la udongo. Huko juu ndiko tulikoanika uwele, kunde na mboga za kiangazi. Lakini anayekanyaga juu humwaga vumbi chini. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kabla hujapanda, uliita: "Hodi huko chini!" Walio ndani wanafunika chungu, wanamfunika na mtoto, halafu wanajibu, "Karibu!" Ndipo unakanyaga.

Mimi siku hiyo sikuita. Nilikuwa mwali wa juzi, miguu ina haraka kuliko akili, na nilikuwa nimesikia gari. Kutoka juu ya paa niliwaona wanaume wakishusha kitu kikubwa kilichofunikwa shuka, wanakwenda nacho polepole kama wamembeba chifu mgonjwa.

"Nani huyo juu?" Sauti ya Mama Nyemo ilitoka jikoni. Huyo ndiye mama mkwe wangu, na mtaa mzima ulimwogopa.

"Ni mimi, Mama. Wamekuja watu wa ghorofa!"

"Wamekuja watu wa ghorofa, na wewe umekwisha kuwa ghorofa! Shuka uje ule mchanga wako."

Nikashuka, nikaula. Alinipakulia uleule, na ugali wa uwele, akakaa kunitazama. Mchanga unalia menoni, nami natafuna.

"Aliye juu haoni chungu cha aliye chini," akasema. "Ndiyo maana Mungu alimpa mdomo. Aite."

Hiyo ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa chini kama mavuno. Lakini mashirika ya serikali nayo yalikuwa yanafungwa, na mume wangu, Yohana, alikuwa amepunguzwa kazi. Alikuwa akishinda amekaa kizingitini, anakunja kofia na kuikunjua. Ikaja habari kwamba tajiri mmoja anataka kujenga ghorofa kumi na mbili, hoteli na makazi ya wakubwa, kwenye uwanja mtupu upande wa machweo wa mtaa wetu. Yohana akainuka kizingitini. Nami niliitaka ghorofa ile kama mtoto anavyoutaka mwezi.

Alasiri ya siku ile ya mchanga tukajaa kwenye ukumbi wa mtaa. Aliyetumwa kuzungumza nasi alikuwa kijana injinia kutoka Dar es Salaam, mpole, shati limemganda mgongoni. Akaanza kwa Kigogo cha kujifunza njiani: "Mbukwenyi!" Watu wakacheka, lakini wakaitikia, "Mbukwa!" maana salamu hainyimwi mtu. Kisha akalivuta shuka.

Mwanangu, nilishika mdomo. Juu ya ubao mpana lilisimama jengo jeupe, la kunifika kiunoni, limechongwa likachongeka. Vidirisha vinang'aa. Vigari kama mende. Vijitu kama chembe za uwele vinatembea kwenye nyasi za kijani, miti imejipanga kama askari. Mji mzima wa walionona, hata mbuzi mmoja hakuna.

"Injinia," akasema Sefu, fundi baiskeli wetu, "hii ni Dodoma au umetuchorea Arusha? Hizo nyasi utazimwagilia mate?"

Kicheko. Mzee mmoja akainuka kwa fimbo yake. "Jina la mji huu maana yake imezama. Tembo alikuja kunywa maji hapa, akazama. Tembo! Ninyi mnataka kutuletea kilicho kizito kuliko tembo?"

"Babu," Sefu akamjibu, "tembo hakuwekewa msingi wa zege."

Yohana naye akasimama. Sijawahi kumwona akisema mbele za watu vile. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wa hapa tuna mikono, hatuna pa kuiweka. Jengo lije, tena lije kesho." Nikapiga vigelegele peke yangu. Mama Nyemo, ambaye alikuwa mbele kabisa kwenye mkeka, hakugeuka.

Hapo umeme ukakatika. Ukumbi ulikuwa na vidirisha vya kuchungulia tu, tukabaki gizani tukisikia pumzi. "Litoeni nje, watu waone!" mwenyekiti wa mtaa akasema. Wakaubeba ubao, wakauweka juu ya meza uani, nasi tukakaa chini kuuzunguka, wazee mbele na mikeka yao.

Jua lilikuwa limeegemea machweo. Ndipo nilipokiona. Kile kijengo kilitoa kivuli. Kivuli kikalala juu ya nyasi za rangi, kikafika ukingo wa ubao, kisisimame. Kikadondoka nje ya meza, kikatambaa uani, kikampanda mama mkwe wangu mapajani.

Mama Nyemo akafungua kiganja, akakitazama kile kivuli mkononi kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba.

"Kijana wangu," akasema, "nyumba yetu iko wapi hapo?"

"Mama, ninyi hamjaguswa. Ninyi mko nje ya ubao."

"Naona. Na kivuli chako kimetufuata hukuhuku nje ya ubao. Jua la alasiri ndilo linalonimalizia uwele pale juu ya paa. Ukilichukua, uwele utaota ukungu. Nitakula nini, lifti?"

Watu wakacheka. Injinia hakucheka. Yohana akamnong'oneza kwa ukali, "Mama, unatufukuzia kazi!"

"Wewe nilikunyonyesha kwa uwele wa paa hilohilo. Tulia." Akamrudia injinia, na sauti yake ikalainika. "Sikukatazi kupanda. Tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri kama hiki chako. Ila umepanda juu ya paa letu, na hodi hukupiga."

Nikasikia mchanga menoni.

Injinia angeweza kubisha. Shule alikuwa nayo. Akachuchumaa pale mbele ya mkeka mpaka kivuli kikamfunika uso naye, akakitazama kilikoanzia. Akasema taratibu, "Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Sasa tuongee."

Tukaongea. Tuliongea mikutano mingi, mingine ya kelele, na tajiri alinuna kwanza. Mwishowe jengo likahamishiwa ng'ambo ya barabara kuu, upande wa mawio, kivuli chake cha alasiri kiende kulala korongoni kusiko na paa la mtu, na ghorofa zikapunguzwa ili kivuli kisiwafikie wakazi wa ng'ambo nao. Yohana akapata mikono yake pa kuiweka: kwenye zege, kuanzia msingi. Matembe yetu hayapo tena leo, sikufichi. Lakini tuliyabomoa wenyewe, siku tuliyotaka.

Jengo lilipokwisha, injinia alikuja kumchukua Mama Nyemo kwa mkono wake, nami nikafuata. Ndani ya lifti niling'ang'ania kanga ya mama mkwe wangu. Mlango ukafunguka juu ya paa, na upepo ukatupokea.

Mwanangu, nikaangalia. Nchi nzima ililala chini yetu, nyekundu, mpaka inapokutana na mbingu. Treni ilikuwa inaelekea kituo cha Ihumwa kama jongoo. Milima niliyoizoea tangu utoto nikaiona migongo yake. Na pale chini kabisa paa letu, dogo kama kiganja, uwele umeanikwa, jua limeukalia wote.

Mama Nyemo akalionyesha paa letu kwa kidole. "Kumbe Mungu anatuona hivi," akasema. "Wadogo hivi. Na bado anatusikia."

Kisha akashika ukingo, akavuta pumzi, na yule mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwogopa akaita kwa sauti yake yote: "Hodi huko chini!"

Sijui kama upepo uliifikisha. Lakini chini, kati ya mafundi waliokuwa wakikusanya vifaa vyao, chembe moja ya uwele iliinua uso, ikavua kofia, ikaipunga. Alikuwa Yohana.

Walisema aliye juu mngoje chini. Mimi mwenye shule ya kuandika jina langu tu, nakuambia usiwangojeshe wa chini. Siku hizi mji wetu unapanda, na mjukuu wangu anasomea kujenga hayo marefu. Naringa, nani anizuie? Panda, mwanangu. Uzuri haukatazwi. Lakini kabla hujakanyaga, uliza chini yako kuna chungu cha nani, na kivuli chako kitalala kwa nani jua likiegemea. Na ukiitwa kutoka juu, usijibu kwa matusi. Jibu karibu, kisha sema lako lote.

Mungu akupandishe mpaka uione migongo ya milima. Akupe mdomo usiochoka kuita, na kila uitapo uitikiwe karibu. Na mlenda wako, mwanangu, usiingie mchanga.