Nilimtoa Shangazi Nyumbani kwa Neno Moja la Kiingereza

Saa nne asubuhi, shangazi yangu alikuwa amekaa juu ya godoro lake kando ya barabara, watu wanapita wanamtazama.

Aliyemtoa ni mimi. Sikumgusa hata kwa kidole. Nilisoma tu mstari mmoja.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Babu, karani wa zamani aliyependa Kiingereza cha vitabu vikuukuu, aliacha wosia kwa Kiingereza hichohicho. Baba mdogo akanikabidhi karatasi mbele ya familia nzima.

"Msomi, tafsiri. Watu wasikie."

Kichwa kikanivimba.

Mstari ulihusu shangazi, binti yake babu, na vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya babu, alivyokaa miaka ishirini akifua mashuka ya hospitali. Uliishia hivi: "no man shall let her."

Nikakohoa kwa maringo. "Kuhusu binti yangu kukaa vyumba vya nyuma, mtu yeyote asimruhusu."

Shangazi akaruka. "Soma tena! Baba hakuandika hivyo. Hilo neno kwake lilikuwa na maana nyingine."

"Shangazi, 'let' ni ruhusu. Hata watoto wa darasa la nne wanajua."

"Mimi ndiye niliyemsomea vitabu vyake macho yalipomfifia. Wewe ulikuwa wapi?"

"Yaani mfua mashuka anifundishe Kiingereza?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameshamwita fundi wa kubadilisha kitasa.

Shangazi akapeleka kesi barazani. Mwenyekiti akamwita mkalimani mstaafu wa mahakama, mama mmoja mwenye miwani minene. Akaitazama karatasi, kisha akamtazama baba mdogo.

"Hii naijua. Uliniletea mwezi uliopita."

Akagonga mstari ule kwa kidole.

"Nikakwambia, zamani 'let' lilikuwa pia neno la kuzuia. Marehemu anasema mtu yeyote asimzuie binti yake. Ukanipokonya karatasi, ukasema unakwenda kutafuta mtu anayejua Kiingereza."

Mtu mwenyewe ndiye mimi.

Baba mdogo alijua maana tangu mwanzo. Alichokuwa anatafuta ni mjinga mwenye cheti.

Nikamkaba nje. "Ulinitumia!"

"Nani alikukataza kufungua kamusi?" Akaniacha nimesimama hapo kama mlingoti.

Shangazi alirudishiwa vyumba vyake. Nikaenda kumsaidia kuhamisha vitu, nikabeba sanduku lake. Akasimama mlangoni.

"Weka chini. Hapo hapo."

"Shangazi, nisamehe. Sikujua."

"Ungekuwa hujui tu, ningekusamehe. Wewe ulinicheka."

Akaliburuta sanduku ndani, akafunga mlango.

Mwaka wa pili huu, hata salamu yangu haitikii. Na sina wa kumlaumu.

Wewe unayesoma hapa, neno gumu halitakuponza, maana utauliza. Ogopa lile jepesi, unaloona aibu kuuliza kwa sababu wewe ndiye mwalimu.