Suti Ambayo Kiunga Hakuivaa

Kawira anafua kila kitu. Belo la mitumba likifunguliwa hapa soko la Gakoromone, sisi wengine tunakung'uta, tunatundika, tunaanza kuita wateja. Yeye hapana. Anabeba zake mpaka nyumbani, anaziloweka kwenye beseni, anazianika, anazipiga pasi, ndipo anazirudisha sokoni zimekunjwa kama vitambaa vya kanisa. Nimemwambia mara nyingi kwamba sabuni inakula faida. Hujibu, "Ruguru, mwili wa mtu hauvai harufu ya mtu mwingine." Basi. Mimi nauza viatu. Kiatu unakipaka rangi na maneno yanaisha.

Hiyo tabia yake ya kufua ndiyo iliyoleta kesi ya suti.

Alitoka Muthara akiwa msichana, ana sweta chache begani za kutembeza, na mji huu haukumpa kitu ambacho hakukilipia. Aliolewa na Kiunga, bawabu wa usiku kwenye bohari la mbegu. Usiku Kiunga alivaa sare ya kampuni, mchana alivaa belo la mkewe. Alikuwa mtu wa mzaha. Akija kumletea Kawira chakula cha mchana, alisimama katikati ya njia, akajigeuza kama mwanamitindo.

"Mimi nimevaa watu wengi," alisema. "Koti la Mjerumani, suruali ya Mwingereza. Siku moja nitavaa kitu ambacho jasho la kwanza ni langu."

"Siku utakayokufa," Kawira alimjibu.

"Basi usisahau."

Tulicheka. Soko zima lilijua hiyo soga.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Kiunga akafa. Alianguka kazini, wakampeleka hospitali, hakurudi. Kawira hakulia. Alikaa kwenye kiti kile kile sebuleni, akapokea watu, akauliza kama wale wa nyuma wamepata chai. Jioni moja akachukua simu akatafuta suti. Akaipata kwenye duka moja la mtandaoni la Nairobi. Picha nzuri, rangi ya samawati iliyokolea, na chini yake maandishi: mpya kabisa, haijavaliwa, inafulika kwa mkono. Akalipa hapo hapo.

Hakuomba punguzo. Hakuomba video ya mshono wala picha ya ndani. Mwanamke ambaye nimemwona akibishania bei ya hanga za plastiki mpaka mwenye duka akaomba maji, alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Hapo ndipo nilipojua hali yake ilivyo.

Suti ilifika kwa Shueib, yule mwenye ofisi ya kupokea na kutuma vifurushi mkabala na msikiti. Ilikuwa kwenye plastiki safi, ina kadi ya bei inayoning'inia kwa uzi. Mtu mwingine angeitundika mlangoni akangoja siku ya mazishi. Kawira aliiloweka. Sidhani hata aliwaza. Mikono yake haijui njia nyingine ya kupokea nguo.

Nilimkuta uani ameinama juu ya beseni. Maji yalikuwa meusi kama wino. Akainua koti. Viwiko vilikuwa vimepauka, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Kwapani kulikuwa na miviringo ya jasho la zamani. Chini ya kola, rangi ilipotoka, kikatokea kibandiko kidogo cha dobi chenye namba. Ilikuwa suti ya mitumba, imepakwa rangi, imefungiwa kadi mpya.

"Imevaliwa," nikasema.

"Naona."

"Na mtu mnene. Angalia makwapa."

"Ruguru. Naona."

Akaikamua, akaianika. Muda wa kutafuta nyingine haukuwa umebaki. Akaenda sokoni, akafungua mfuko aliomwekea mwalimu mmoja mteja wake, akatoa suti ya kijivu. Ilikuwa kamera, ndivyo tunavyoziita zile nzuri zinazochaguliwa kwanza belo likifunguliwa. Kiunga akazikwa nayo. Ilimkaa vizuri. Watu walisema mzee amependeza, na Kawira akawashukuru mmoja mmoja kama mtu anayerudisha chenji.

Baada ya mazishi alikuja kwenye meza yangu na ile suti ya Nairobi kwenye mfuko.

"Nataka pesa zangu," akasema. "Zote. Na nataka aliyeniuzia aseme kwa mdomo wake kwamba haikuwa mpya."

"La pesa naelewa. Hilo la pili halinunui unga."

"Yote mawili."

Muuzaji alikuwa dada mmoja anaitwa Sheila. Alijibu ujumbe haraka, tena kwa adabu. "Mpenzi mteja, kama ilivyo kwenye ukurasa wetu, bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kawira akamtumia picha ya viwiko. Adabu ikapungua. "Kumbe umeifua! Mama, nguo iliyofuliwa hairudi popote duniani."

Mimi nilidhani hapo tumeshindwa. Sokoni kwetu ukishafua, ni yako. Lakini huko hakukuwa sokoni kwetu, kwa hivyo nikamvuta mkono tukaenda kwa Shueib. Huyo kazi yake ni kuona nguo zikienda na nguo zikirudi, na ugomvi wa kila moja.

"Huyu Mwembu amekuja," Shueib akanitania kwa kabila langu aliponiona. "Leo unataka kuninunua mimi ama kaunta?"

"Ushauri wako. Najua ni wa bure, ndiyo maana nautilia shaka."

Akacheka, kisha akaona uso wa Kawira akaacha. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mwenda, pole tena kwa msiba," akamwambia Kawira kwa jina la mwanawe. "Sasa sikia. Kuna mtu anarudisha nguo kwa sababu roho yake imebadilika. Hapo duka likikubali ni hisani, likikataa basi, mara nyingi huna pa kushika. Na kuna mtu aliyeuziwa kitu kingine kabisa. Hiyo si hisani. Aliandika mpya?"

"Aliandika mpya kabisa."

"Basi sheria inataka iwe mpya. Hawezi kukuuzia mbuzi kwa jina la ng'ombe, halafu ajifiche nyuma ya maandishi yake ya 'hairudishwi'."

"Na kufua?" nikauliza.

"Aliandika inafulika?"

"Kwa mkono," Kawira akasema.

"Sasa alitaka uifue kwa nini, kwa miguu? Umefanya alivyoandika. Tangazo bado liko?"

Lilikuwepo.

"Lipige picha sasa hivi, kabla hajalifuta. Piga na ule ujumbe wa malipo. Na suti usiitume mpaka mkubaliane. Ikishafika kwake bure bure, utabaki kuongea na ukuta."

Tukapiga picha kila kitu: tangazo, malipo, viwiko, makwapa, namba ya dobi. Nikamwambia Kawira tuongeze na jambo moja.

"Mwambie ilikuwa ya kumzika mume wako. Mjane akitoa sauti kidogo kwenye simu, mtu analainika."

"Hapana."

"Kawira, hiyo ndiyo karata kubwa uliyo nayo."

"Kiunga hataingia kwenye bei."

Nikaliacha hilo. Bidhaa ambayo mwenyewe hajaitundika, huwezi kumwitia wateja.

Sheila alipoziona picha alianza kushuka, na mimi nilimjua kwa kushuka kwake. Ni mfanyabiashara kama sisi. Kwanza alitaka kutuma suti nyingine. "Ya nani?" Kawira akamjibu kwa maandishi. Kisha akataka kurudisha nusu. Kisha punguzo kwenye manunuzi yajayo. Kawira alikuwa akiusoma kila ujumbe huku anakunja blauzi, anaandika "hapana", anaendelea kukunja. Wala hakukasirika. Kukasirika kungenipa mimi tumaini kidogo.

Mwishowe Sheila akapiga. Kawira akaweka simu kwenye meza, sauti ikitoka nje. Jirani yetu wa viazi alikuwa anaita wateja, ikabidi tuiname.

"Mama, tuambiane ukweli," Sheila akasema. "Mzee ameenda nayo harusini, amecheza, ametoka jasho, sasa mnairudisha. Hii biashara mimi sikuanza jana."

"Hajaivaa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Ngoja nimsikie mwenyewe. Mpe simu."

Muuza viazi akaacha kuita. Mimi niliitazama simu kama mtu anayetazama maziwa yakifurika. Neno moja tu, na yule dada angelipa huku anaomba msamaha.

"Hayupo," Kawira akasema. "Ongea na mimi. Mimi ndiye niliyelipa."

Nikaona niingilie mwenyewe. "Dada Sheila, mimi ni Ruguru, jirani yake. Tangazo lako tunalo kwenye simu, na mahali uliposema inafulika. Kuna mahakama ya madai madogo. Mtu anaingia bila wakili, anaeleza shida yake. Sisi hatuna haraka. Wewe una duka la kuangalia."

Nikasikia sauti ya pikipiki upande wake.

"Sawa," akasema. "Nitarudisha zote. Lakini ni hisani yangu tu, ili tusisumbuane. Na mtaandika kwenye ukurasa kwamba mmeridhika."

"Tumekubali!" nikasema.

"Hatujakubali," Kawira akasema. Nilimfinya paja. Hakusogea. "Ilikuwa mpya?"

"Mama, si unapata pesa yako?"

"Nimeuliza, ilikuwa mpya?"

"Hilo litakusaidia nini sasa?"

"Nauza nguo zilizovaliwa," Kawira akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama chai imefika nyuma. "Kila siku watu huniuliza, na mimi huwaambia zimevaliwa. Hawafi. Nakuuliza wewe."

Sheila alipojibu, ile sauti ya dukani ilikuwa imeisha.

"Mama, mimi pia niliuziwa kama mpya. Zinakuja zimefungwa hivyo hivyo, na kadi zake. Sikuwahi kuifua hata moja. Nani hufua nguo mpya?"

"Sasa unajua."

"Sasa najua. Haikuwa mpya."

"Tuma pesa."

Likabaki suala la nani aanze, maana yeye alitaka suti kwanza na sisi tulitaka pesa kwanza. Nikapendekeza tufanye kama tunavyofanya tukiuziana na mgeni sokoni: mzigo ukae kwa mtu wa tatu. Suti itakaa kwa Shueib. Pesa ikiingia, Shueib anaituma. Na nauli ni ya Sheila, kwa sababu si sisi tuliokosea. Akanung'unika kuhusu nauli. Nikamwacha anung'unike, hiyo ni haki yake.

Asubuhi yake nilimpitia Kawira nyumbani. Alikuwa ameipiga pasi ile suti. Ameikunja mikono nyuma, kola juu, kama ya mteja.

"Unachoma makaa kwa ajili ya suti ya uongo?"

"Ni nguo," akasema.

Kwa Shueib tulingoja kidogo tu. Simu ya Kawira ikalia. Pesa zilikuwa zote, na nauli juu yake. Nikamwambia asome vizuri. Akasoma, akairudisha simu mfukoni, ndani ya aproni, pale anapowekaga chenji. Sheila alikuwa ameongeza ujumbe: suti za aina hiyo ameziondoa kwenye ukurasa, na mzee asamehe. Kawira hakuujibu.

Shueib akavuta kifurushi, akachukua kalamu ya wino mzito. "Kilichomo ndani niandike nini? Mpya ama iliyovaliwa?"

"Iliyovaliwa."

Akaandika. Mara ya kwanza kifurushi kilikuja kwa jina la Kiunga, na mkono wa Shueib una mazoea kama wa kila mtu. Akaandika: suti ya Kiunga, iliyovaliwa.

Kawira akaweka kidole juu ya jina.

"Hapo futa," akasema. "Ya Kiunga anayo."

Shueib akafuta. Tukarudi sokoni haraka, maana ilikuwa siku ya watu wengi, na viatu vyangu nilikuwa nimemwachia muuza viazi, mtu asiyejua kusema hapana.