Kikohozi cha Yotham

Halfani wa Nkuhungu hakuwa na habari na wafu. Angekuwaje nayo, na kazi yake ni kuuza kafa-Ulaya? Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kumwagika Dodoma, yeye alikuwa wa kwanza kutandika turubai, suti ya marehemu wa Kizungu mwilini. Mteja akinusa koti na kukunja uso, anamwambia, "Mwenyewe halifuati hili, nauli ghali."

Kwa hiyo rafiki yake Yotham, mchimba visima, alipokufa kwa kifua, na ndugu wakakikwepa kile kibuyu chake cha kuvutia bangi, Halfani alikibeba bila hata kukifuta mdomo. Walikivuta miaka, wao wawili na jirani yao Eliakimu, dirisha limezibwa gunia ili harufu isimfikie balozi wa nyumba kumi. Maji ya ndani Yotham hakuyabadilisha. Alisema ukiyamwaga umemwaga utamu. Halfani naye akayaacha.

Jioni ya kwanza alipovuta, kibuyu kilikohoa.

Siyo ule mgoromo wa maji, huo anaujua. Mara mbili fupi, moja ndefu, halafu kafilimbi ka mwishoni, vilevile kama Yotham. Uani, mkewe Stara akaweka ungo chini.

"Baba Yusra, una mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Nimemsikia Yotham."

"Yotham yuko makaburini. Mfuate ukamsalimie."

Akacheka. Mvua zilipokatika hakucheka tena. Kikohozi kilimwingia chenyewe kifuani: mbili fupi, moja ndefu, filimbi. Jasho la usiku likawa linalowesha godoro. Suti zikampwaya, akahamia za vijana, nazo zikampwaya. Mtaani wakasema Yotham anamwita mwenzake. Na huyu bwana asiyekuwa na habari na wafu akaanza kugawa viatu vyake.

Stara akamburuta hospitali. Wakapokewa na nesi Loisi, mama mmoja asiye na haraka.

"Mnavuta wangapi?"

"Watatu, shikamoo. Sasa wawili."

"Dirisha?"

"Tunaziba."

"Kibuyu kimoja, mdomo mmoja, na mwenzenu anakohoa humohumo?"

"Ndiyo."

"Halafu unasema anakuita. Baba, alikuwa anakukoholea usoni."

Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Halfani akameza dawa mpaka akazimaliza. Alimtuma Stara kwa Eliakimu, naye akapime. Eliakimu akajibu yeye hakohoi, na Yotham hana ugomvi naye. Kibuyu Stara alitaka kukichoma, mkono ukakataa. Akakipeleka kaburini kwa Yotham, akakilaza kichwani pake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku Halfani aliporudi kwenye turubai lake, alipitia makaburini kumsalimu rafiki. Kibuyu hakikuwepo. Kwenye vumbi kulikuwa na kialama cha duara, bado kibichi kwa maji.

Mchana huo upepo wa Dodoma ulikuwa unasukuma takataka njia nzima. Kwa Eliakimu, dirisha lilikuwa limezibwa gunia. Halfani akasimama. Ndani, mbili fupi, moja ndefu, filimbi.

"Hodi."

Akagonga fremu ya dirisha.

"Eliakimu, ni mimi. Toa gunia kwanza, ndugu yangu, halafu twende kwa mama Loisi."

Kikajibu kikohozi. Halfani alitega sikio, akashindwa kujua kama ni cha mtu au cha kibuyu. Akaanza kulivuta lile gunia mwenyewe, kwa nje.