Betri Mbili za Harusi ya Nansio

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja kule Nansio, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa kuwa unaanza kusoma fizikia, na juzi nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba umeme ni somo jepesi, nimeona nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi na kila duka la Mwanza likawa na kitu cha kushangaza. Kwaya yetu ya Igogo nayo ikapata amplifaya mpya, ile mashine ya kukuza sauti, pamoja na spika mbili nyeusi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika kwaya nzima ni mimi peke yangu niliyesoma fizikia. Basi nikakabidhiwa mitambo. Watu walikuwa wakisema, "Mwulizeni Perpetua, yeye ndiye anayejua umeme." Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji. Nami nilisifiwa mpaka nikaamini.

Veronika, binti wa shangazi yangu, alikuwa anaolewa kwao Nansio. Tukavuka kwa meli, kwaya yote, na mashine yetu tumeifunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Nyumbani kwa shangazi hakukuwa na umeme, kwa hiyo tulibeba betri ya gari ya volti kumi na mbili. Lakini betri moja ingeishiwa nguvu kabla ya sherehe kwisha, ndipo shangazi akaniambia niende kwa Mzee Mafuru, fundi wa injini za mitumbwi, aniazime nyingine.

Nilimkuta pwani, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaifuta betri yake kwa kitambaa, akanipa. Kisha akauliza, "Hicho chombo chenu kinataka volti ngapi? Na hizi betri mbili utaziungaje?"

Swali lilikuwa la upole kabisa. Nikalijibu kwa kiburi: "Mzee, hayo tumeyasoma shuleni."

Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akarudi kwenye injini yake.

Nilifika, nikaunganisha. Nilikumbuka redio ya nyumbani, jinsi betri ndogo zinavyopangwa mstari mmoja, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile. Nami nikafanya hivyo hivyo: chanya ya betri moja nikaifunga kwenye hasi ya nyingine, ncha mbili zilizobaki nikazipeleka kwenye mashine. Maharusi walikuwa wameshatoka kanisani, wameketi. Nikawasha. Taa ndogo ya mbele iliwaka kwa mwanga mkali, ikazimika. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya.

Watu mia wananitazama, Veronika naye ananitazama kwa macho ya kuomba. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la waya. Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Betri ya Mzee Mafuru ni mbovu. Imetuharibia mashine."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mke wa Mzee Mafuru alikuwa pale pale, akipakua wali. Aliweka upawa chini, akatoka. Minong'ono ikaanza: mzee yule siku hizi anazeeka vibaya, mbona anatoa vitu vibovu. Kwaya wakaanza kuimba kwa midomo na makofi ili kuficha aibu, na kusema kweli waliimba vizuri.

Haukupita muda, Mzee Mafuru akaja na mkewe, kisanduku cha vifaa mkononi. Alikuwa amenawa mikono na amevaa shati safi, kwa kuwa ni harusini. Hakugomba. Aliinama, akaangalia nilivyofunga nyaya, akatoa mfukoni balbu ndogo ya taa ya nyuma ya gari. Akaigusisha kwenye betri yake peke yake: ikawaka vizuri. Kwenye betri yetu: ikawaka vilevile. Kisha akaigusisha kwenye ncha nilizounga mimi. Ikawaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho, akaiondoa upesi kabla haijaungua.

"Unaona yale mapipa ya maji ya mvua?" aliniuliza, akionyesha kwenye ukuta wa shangazi. "Ukipandisha pipa juu ya pipa ukayaunganisha, maji kwenye koki ya chini yatatoka kwa nguvu mara mbili. Nguvu ya kusukuma ndiyo volti. Wewe umepandisha pipa juu ya pipa. Kumi na mbili na kumi na mbili?"

"Ishirini na nne," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na chombo kinataka?"

"Kumi na mbili."

"Ukiyaweka ubavu kwa ubavu, msukumo ni ule ule, ila maji yanadumu zaidi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ndivyo ulivyotaka, sivyo?"

Nilikuwa nimeichora mipango hiyo yote miwili ya betri darasani, nikapata alama nzuri. Kumbe niliikariri tu.

Akaniinamia sikioni. "La betri nitakusamehe. Lakini umenisema mbele za watu. Nisafishe mbele za watu."

Nilisimama. Nikasema, "Betri ya Mzee Mafuru ni nzima. Mimi ndiye niliyeunganisha vibaya, na aliponiuliza sikumsikiliza. Nimemsingizia. Mzee, na mama, naomba mnisamehe." Mke wake akanitazama, akasema, "Yamekwisha, binti," akarudi kwenye sufuria yake ya wali.

Mzee akafungua mashine kwa nyuma, akachomoa fyuzi, kile kipande kidogo cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Uzi ulikuwa umeyeyuka. Kijana mmoja wa kwaya akashauri tuizungushie ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mzee akakataa. "Huyu ni mlinzi. Mkondo ulipozidi, alikufa yeye ili mashine ipone. Sasa unataka kumweka mlinzi asiyejua kufa? Siku nyingine itaungua mashine, au nyumba." Akatafuta kwenye kisanduku chake fyuzi inayolingana. Tukaunga upya, chanya kwa chanya, nikawasha mwenyewe.

Spika zilivuma. Veronika alicheka, akainuka kucheza kabla hata hajaitwa. Wakamlazimisha Mzee Mafuru ajaribu kipaza sauti, akasema, "Moja, mbili, tatu," akakirudisha kama kinamchoma. Tulicheza mpaka jua likazama, na betri zikadumu.

Kesho yake, kabla ya meli, nilikaa muda wa saa tatu karakanani kwake nikiuliza kila nilichodhani nakijua. Huko ndiko fizikia yangu ilikoanzia, na miaka yote niliyofundisha Magu nilianza na taa na betri mkononi, ubaoni baadaye.

Basi mwanangu, sikia. Soma vitabu, lakini usimdharau mwenye grisi mikononi. Ukiulizwa swali ambalo huna hakika nalo, sema sijui. Neno hilo halijamuua mtu. Kabla hujawasha, pima. Na ukikosea, usitafute wa kumbebesha kosa lako, kwa maana njia ya mwongo ni fupi, na ukimchafua mtu hadharani, msafishe hadharani.

Mungu akupe akili ya kuelewa na moyo wa kuuliza. Akulinde na kiburi cha mtu aliyejua nusu. Ukue, uwafae watu, na popote utakapoingia wafurahi kwamba umefika.