Nilimwambia Siku Mbili

Alhamisi, tarehe 16 Mei. Mvua tangu alfajiri, ikakatika saa nne, kisha jua la kuumiza utosi.

Leo nilipeleka tangi la gari langu kwa fundi wa kuchomelea, Chang'ombe. Lilianza kuvuja mwezi uliopita, nami nikafanya kama tunavyofanyaga wote: nikaponda sabuni ya mche, nikaibandika kwenye tundu. Sabuni haiogopi petroli. Inaogopa maji, na masika haya madimbwi yanagusa hadi chini ya gari, kwa hiyo kila jioni nilikuwa naponda nyingine. Gari hilo ndilo linalopeleka watoto wa mtaani kwetu shule. Juzi mama mmoja aliingiza kichwa ndani, akanusa, akamshusha mwanawe. Simlaumu.

Fundi alilipokea akicheka. "Braza, hili tangi limepakwa sabuni kuliko bwana harusi."

Kisha akauliza lile wanalouliza mafundi wote: limekaa na maji siku ngapi? Tangi la petroli hata likiwa tupu lina mvuke, na mvuke ukikutana na cheche linalipuka. Wanataka lijazwe maji hadi mdomoni, likae siku mbili, yamwagwe, ndipo waliguse.

Nikasema mbili.

Lilikaa siku moja, tena halikujaa, maji ya bomba yalikatika. Niliona ni tofauti ndogo. Nilitaka kesho watoto wapande.

Akalilaza chini, akavaa miwani yake myeusi. Ndipo nikatazama juu. Paa la banda lote lina kutu, isipokuwa bati moja jipya, juu yetu hasa. Nilikuwa nalijua. Mtaa mzima unajua kwamba kaka yake alikuwa akichomelea tangi hapohapo lilipolipuka. Mazishini nilikuwepo. Tangu nifike nilikuwa nakwepa kulitazama lile bati, na sasa niliona kama kuna mtu amechuchumaa upande wa pili wa tangi, ananisubiri. Labda ni jua. Mie si mtu wa kusoma sana, siwezi kuyaeleza mambo hayo.

"Fundi," nikasema, "ni siku moja."

Hakusikia, au alijifanya.

"Fundi, nimekudanganya. Siku moja, na halikujaa."

Akavua miwani taratibu. Akainama, akanusa mdomo wa tangi kwa muda.

"Aliyemletea kaka naye alisema mbili," akasema. "Yupo, anapitaga hapa, tunasalimiana vizuri tu. Sijawahi kumuuliza kama zilikuwa mbili kweli."

Akalisukuma tangi kwangu kwa mguu.

"Beba tangi lako, braza. Ukalijaze. Uje Jumamosi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Njiani nilijiuliza kama nilisema kwa ajili yake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye tangi. Huenda nilijiogopea mwenyewe. Naandika hivyo kwa sababu sijui. Na angewasha haraka kidogo, sijui kama ningewahi.

Nimewapigia wazazi kuwaambia kesho sitoki. Wawili wamesema watatafuta gari jingine, na ni haki yao. Tangi liko uani, limejaa mpaka mdomoni, harufu imeingia hadi chumbani. Mke wangu amekataa kabisa kuwasha jiko. Tumekula mkate wa jana na ndizi mbivu.