Bango la Pili la Tahiru

Medina alilisema kwenye bomba la maji, ndoo yake ikiwa bado haijajaa: mtu akichorwa na Tahiru, mwaka haumalizi. "Mama Yugu, wewe unapita pale na mtoto mgongoni. Pita mbali. Ule mutu iko na macho mabaya."

Rosa Kiden, ndiye Mama Yugu, alicheka kidogo kwa adabu. Lakini kibanda cha Tahiru kilikuwa kwenye kona ya kuingilia soko la Koboko, na siku ile alipokifikia alivuka barabara, kama walivyofanya wenzake.

Zamani watu walisimama pale. Waliporudi kutoka Zaire na Sudani, walikokuwa wamekimbilia vita, wakakuta nyumba hazina milango wala mabati, Tahiru ndiye aliyeandika upya majina ya maduka. Muuza nyama alichorewa ng'ombe mnene hata wakamtania: huyu amekula nini, na sisi tulikula majani?

Kisha ukaingia ugonjwa wa kukonda, ule watu waliouita silimu. Ofisi moja ya afya ikamwagiza bango, ikataka la kutisha. Tahiru akachora fuvu, na chini yake mwanamke amelala mkekani, mbavu nje, na neno moja kwa rangi nyekundu: EPUKA. Lilitundikwa mjini mpaka vijijini kule Dranya. Hata wasiojua kusoma liliwaingia. Uso wa yule mwanamke aliubuni tu, ila watu wakasema ni wa muuza pombe fulani; alipougua, wakasema bango limemla.

Mwaka uliofuata mke wa Tahiru, Hadijah, akaanza kukonda.

Rosa alikuwa na mimba wakati ule, na ua wa Tahiru ulionekana kutoka jikoni kwake. Kwa Waislamu wa pale mgonjwa haachwi peke yake. Wanawake hutandika mikeka, hupika, husengenya hata, ili mgonjwa asikie watu. Kwa Hadijah haukutandikwa mkeka hata mmoja. Tahiru alifua mashuka mwenyewe, akayaanika, akakaa karibu nayo akitazama njia. Watu walikuwa wanafanya vile vile bango lilivyowaambia.

Baada ya maziko ya Hadijah ofisi ilirudi kutaka fuvu jingine. Alikataa. Alisema atachora lake, alisimamishe mwenyewe sokoni. Ikabidi apate watu wa kuwachora, asije akabuni uso tena ukamwangukia mtu asiyekubali. Hakupata. Asuman kinyozi alimwambia, njoo unichore nikishakufa, nitatulia vizuri.

Juma moja baada ya onyo la Medina, mvua ilimkimbiza Rosa mpaka ndani ya kile kibanda, maana hapakuwa na paa jingine karibu. Ubao wenye mchoro ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mwanamume mwembamba ameketi mkekani, ameegemea mto, na uso ulikuwa wa Tahiru mwenyewe. Mbele yake mwanamke amepiga magoti, anamshikia bakuli la uji, mtoto mgongoni. Mahali pa uso wake palikuwa patupu.

"Baba, wewe iko mgonjwa?" Rosa aliuliza.

"Sijui, binti yangu. Nilijichora kwa kukosa mwingine." Alisafisha brashi kwa kitambaa, polepole. "Mgonjwa amepatikana. Aliyekuja kumwona ndiye sina."

Rosa alimtazama yule mwanamke asiye na uso. Akamfikiria Medina, anayemshikia Yugu yeye akienda shamba. Na wanawake wa bomba, jinsi wanavyonyamaza mtu fulani akikaribia. Mume wake alikuwa Arua, hakurudi ila mwisho wa mwezi. Wakimkimbia hao, angebaki na nani wa kuongea naye?

Mtoto aliamka, akaanza kulia. Alimshusha, akampa ziwa akiwa amesimama.

Tahiru alivuta kigoda, akakipangusa kwa mkono, akakiweka karibu na mlango, penye mwanga.

"Wewe watu wanakujua," alisema. "Wakikuona pale ubaoni, watajua hata mama mwenye mtoto anaweza kuingia kwa mgonjwa. Keti, Mama Yugu, mpaka mvua ikatike. Niruhusu nikuchore."