Anayetafuta Mpishi Anauliza Chungu

Mwaka wa 1992 nilikuwa na miaka kumi na sita, na ndiyo mwaka tulioambiwa kwamba Kolwezi si kwetu. Mi nilizaliwa Kolwezi. Baba yangu alizeeka akichimba shaba hapa, lakini mwaka ule watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, na kwa sababu babu yake alitoka huko, kazi ikaisha na nyumba ikaisha. Tukalala kwenye gare, kituo cha reli, na jamaa zingine, tukingojea treni ambayo haikuja. Baba alifia palepale, kwa kuhara. Nikabaki na dada yake, shangazi Ngalula, mwanamke wa ulimi mkali.

Mwanangu, wewe unafikiri mwizi wa batoto anakuja na kamba. Hapana. Anakuja na mkate.

Yule wetu alikuja asubuhi na mikate ya moto, kitambaa safi kichwani. Jina alisema ni Mama Régine. Alisema Kiluba chetu cha Kasai bila kukosea, akasali na sisi, akalilia marehemu wetu kuliko sisi wenyewe. Alisema upande wa Angola ana restora, nyumba ya kuuza chakula, anatafuta wasichana wa kupika, na lori linaondoka leo. Mi na rafiki yangu Kapinga tulisimama mbele ya wote. Njaa haichagui mlango.

Akanitazama.

"Wewe, baba yako iko wapi?"

"Alikufa, mama."

"Pole. Na kaka?"

"Sina."

"Basi vizuri. Mungu atakulinda."

Kapinga akaulizwa yaleyale, na majibu yake yalikuwa kama yangu. Msichana mwingine, mwenye kaka wawili hapo gare, aliambiwa nafasi zimejaa. Mi nilifurahi. Nilifikiri mama huyu anapenda yatima.

Shangazi alikuwa pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Mama Régine, huyu mutoto anajua kusonga bukari?"

"Atajifunza kule, mama."

"Anaunguza. Ulimuuliza?"

"Mi naangalia roho."

"Sawa. Kwetu binti hatoki peke yake. Dada ya baba anamusindikiza mpaka pale atalala. Anaona mlango, anaona jiko, anakula mu chungu yao, halafu anarudi kuelezea batu. Nitakuja na ninyi."

"Nafasi ni ya batoto tu."

"Nitapanda juu ya mizigo. Jua nimeshalizoea."

"Mpaka ni mugumu kwa batu bakubwa."

"Kumbe," shangazi akasema, "mpaka unapenda batoto."

Watu wakacheka. Mama Régine akaanza kukunja kitambaa chake cha mikate.

Nilimwambia shangazi kwamba ananionea wivu, kwamba anataka nife naye pale kwenye reli. Hakunipiga. Alisema, "Anayetafuta mupishi anauliza chungu. Huyu anauliza nani atakutafuta ukipotea. Kaa chini, shika majani."

Kapinga hakuwa na mtu wa kumsindikiza. Mama yake alikuwa mgonjwa, akachukua mkate, akabariki. Siku ileile lori likaelekea Mutshatsha, njia ya Angola, na Kapinga juu yake, akinipungia mkono. Nililia kwa wivu, si kwa huruma.

Miaka ikapita. Treni mwishowe ilikuja, ikatupeleka Kasai, ambako hatukujua mtu. Shangazi alizikwa huko. Mi nikarudi Kolwezi na mume, nikauza makala, mkaa wa kupikia, hakuna aliyenisaidia. Asubuhi moja Kapinga akasimama mlangoni kwangu. Kitambaa safi. Mkate wa moto mkononi. Tukashikana, tukalia. Akaniambia hakukuwa na jiko kule. Kulikuwa na wachimba almasi, na chumba, na mtu wa kukaa mlangoni aliyechukua viatu vya wasichana ili wasitoroke.

Binti yangu mkubwa akapita na ndoo ya maji. Kapinga akamfuata kwa macho mpaka nyuma ya nyumba.

"Huyu, baba yake iko?"

Mkate ulikuwa bado mdomoni mwangu. Nikaumeza.

"Iko kazini kwenye mgodi wa Mutoshi, anarudi jioni. Na huyu mutoto akienda popote, nitamusindikiza mi mwenyewe mpaka jikoni."

"Shangazi yako alikuwa mutu kweli," Kapinga akasema. Sikumfukuza. Nilimpa maji ya kunywa, nikavuta kiti changu, nikakaa kati yake na mlango wa nyuma. Maji alimaliza, akaondoka. Hajarudi.

Basi sikia, mi sikusoma lakini hili nalijua. Usimwogope mgeni tu. Mwogope hata anayelia kwa lugha ya mama yako. Akikupa kazi, sikiliza anachouliza. Asiyeuliza kuhusu kazi, na anauliza sana kuhusu jamaa yako, huyo anapima ukuta apate kuuruka, hajengi nyumba. Mwambie kuna mtu wa kukusindikiza. Kazi ya kweli haikimbii shangazi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya upande mmoja. Nina mashine ya kusaga, mbuzi saba, na stoo ya makala. Nina mabinti watatu walioolewa, na kwa kila mmoja nimelala usiku mmoja, nimekula mu chungu yake, ninajua mlango wake. Mungu akupe na wewe mtu wa kukusindikiza. Na kama hakukupa, njoo kwangu. Miguu ingali inatembea.